Korona Isiyo na Cheti Nayo Ni Korona

Mei 6, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa siku 15 kwa sababu ya Korona, kisha amri ikasogezwa hadi Juni 6. Kupimwa siku zile kulitisha: aliyeshukiwa aliweza kupelekwa karantini, tena baadhi wakadaiwa gharama zake. Wengi wakakwepa. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust waliochunguza damu za wachangiaji tangu mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni mwaka huo walikadiria kwamba Mombasa watu 8 katika kila 100 walikuwa na kingamwili za virusi vya Korona. Kenya nzima, hadi mwisho wa Julai, ilikuwa imetangaza wagonjwa 20,000 hivi tu. Yaani walioambukizwa bila kuandikwa popote ni wengi mno, na kumdai cheti cha kipimo anayelalamikia masalia ya Korona leo, kama uchovu usioisha tangu augue, ni kumdhulumu. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipoieleza hali hiyo Oktoba 2021, halikudai cheti: linakubali maambukizi yanayodhaniwa kwa sababu za msingi, dalili zikiwapo miezi mitatu baada ya kuugua na zikidumu angalau miezi miwili.

Watasema uchovu una sababu mia. Ni kweli, na ndiyo maana maelezo hayohayo yanataka maradhi mengine yaondolewe kwanza: kisukari, upungufu wa damu, kifua kikuu. Lakini majibu yakitoka safi, mgonjwa asiambiwe ni uvivu au kijicho cha watu. Chukua hamali anayesukuma mkokoteni kutoka Bandari ya Kale hadi Markiti. Leo anamaliza kazi. Kesho na kesho kutwa hawezi kuinuka kitandani. Mtu wa namna hiyo akihimizwa ajikaze na afanye mazoezi, anaweza kuzidishiwa ugonjwa. Anachohitaji ni kugawa kazi na mapumziko kabla nguvu hazijamwishia, na tajiri wake aelewe hivyo.

Wengine watauliza kaunti itatoa wapi fedha za kuwahudumia wagonjwa hawa, ilhali dawa za kawaida zenyewe ni za kubahatisha. Hoja hiyo ina uzito, ila ninachodai hapa si mashine. Daktari amuulize mgonjwa wa uchovu, pumzi fupi au usahaulifu: uliwahi kuugua homa na kikohozi, au kupoteza harufu, na tangu hapo hujarudi ulivyokuwa? Kisha aandike jibu kwenye faili. Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa iagize swali hilo liulizwe katika vituo vyake vyote.