Uliza bei ya mfuko kabla ya bei ya mashine

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii tunaziacha kidogo bei za mahindi, maharage na mafuta ya kula, tunageukia bidhaa ambayo wengi huiona ni pambo la nyumba za wenye nafasi, kumbe imekwisha kuwa kitega uchumi cha watu wenye mtaji mdogo. Nazungumzia mashine ya kufyonza vumbi, hasa ile ya pipa linaloburutwa kwa magurudumu, lenye mpira mrefu na bomba la kushika mkononi.

Wanaoinunua si wenye nyumba peke yao. Wapo wanaopita majumbani kusafisha makochi na mazulia, wapo waosha magari, wapo wenye nyumba za wageni na watunzaji wa misikiti na kumbi. Ukizunguka Kariakoo utazikuta mpya na za mtumba, na mnunuzi karibu kila mara huuliza maswali mawili tu: bei gani, na ina wati ngapi. Maoni ya safu hii ni kwamba maswali hayo mawili ndiyo yanayowafilisi watu. Swali la kwanza liwe: mfuko wake wa vumbi unauzwa wapi, na kwa bei gani?

Nasema hivyo kwa kuwa ada ya somo hili nililipa mwenyewe. Mwaka 2019 mimi na shemeji yangu tulichukua fedha za upatu tukanunua mashine mbili za mtumba, za pipa, zenye sura nzuri na mlio wa nguvu. Tulipata kazi ya kudumu katika nyumba moja ya wageni, na kazi nyingine za mazulia majumbani. Mifuko iliyokuja na mashine ilipojaa tulizunguka duka kwa duka, hakuna mwenye kuijua. Tukaanza kuikung'uta na kuirudisha. Ilipochanika tukamwendea fundi cherehani, akatushonea ya kitambaa. Tulijiona wajanja. Kabla ya mwezi kwisha mashine ya kwanza ikatoa cheche na harufu ya kuungua, na ya pili haikukawia kuifuata. Nyumba ya wageni ikatafuta watu wengine. Upatu ulikuwa bado unadai zamu yake, na shemeji alilipa kwa kuuza cherehani yake mwenyewe.

Fundi aliyezifungua mashine zile alitueleza jambo ambalo muuzaji hakutuambia. Katika mashine hizi za vumbi kavu, hewa inayofyonza uchafu ndiyo hiyohiyo inayopita kwenye mota kuipoza. Mota yenyewe huzunguka kwa kasi kubwa sana, zaidi ya mizunguko elfu ishirini kwa dakika, na joto lake si dogo. Mfuko ukijaa, au vitundu vyake vikizibwa na vumbi laini, hewa haipiti, na mota inabaki inajipika yenyewe. Ndiyo maana nyingi zina kizuizi cha joto kinachozima mashine yenyewe. Mtu akiona imezima husema umeme wetu mbovu, anasubiri kidogo, anawasha tena bila kufungua mfuko.

Mfuko wa kitambaa cha kawaida nao una ubaya wake. Hewa hupita, lakini vumbi laini hupita nayo, linaingia kwenye beringi na kwenye kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha inayozunguka. Kaboni zimetengenezwa ili ziishe, kama breki za gari. Zikibadilishwa mapema gharama ni ndogo. Zikiachwa mpaka ziishe kabisa, zinaichimba amecha, na hapo unanunua mota nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana huu ni ukurasa wa soko. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwamba kuanzia Septemba 2017 mota ya mashine hizi za nyumbani idumu angalau saa 500, na mpira uhimili kukunjwa mara 40,000. Mama wa nyumbani anayefagia kwa mashine saa moja kwa wiki, saa hizo 500 ni zaidi ya miaka tisa. Lakini kijana wa biashara anayefanya kazi saa nne kwa siku, siku sita kwa wiki, anatimiza saa 24 kwa wiki. Saa 500 kwake ni wiki 21, yaani kama miezi mitano. Mashine ni ileile na bei ni ileile, ila mmoja amenunua samani na mwingine amenunua bidhaa inayoyeyuka mkononi.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu, nawe uweke bei za soko lako. Tuseme mashine shilingi 300,000, mfuko shilingi 8,000 na unatumia mmoja kwa wiki. Katika saa 500 unabadilisha kaboni kwa 10,000, chujio kwa 15,000 na mpira kwa 40,000. Uchakavu wa mashine ni shilingi 600 kwa saa. Mfuko ni kama 333 kwa saa. Vipuri vingine ni 130. Jumla ni shilingi 1,063 kwa kila saa mashine inayonguruma, kabla ya umeme, nauli na posho ya kijana. Umeme nao si siri: mashine ya wati 1,400 hula uniti 1.4 kwa saa, zidisha kwa bei ya uniti unayolipa.

Kwa wiki ya saa 24, hiyo ni zaidi ya shilingi 25,000 ambazo si faida. Ni fedha ya mashine, ikae pembeni. Wengi wetu tunaihesabu kuwa mapato, tunaila, na mashine inapokufa tunasema biashara ina mkosi. Tazama pia kwamba katika wiki hizo 21 mifuko peke yake imegharimu shilingi 168,000, zaidi ya nusu ya bei ya mashine. Ukiongeza vipuri unafika 233,000. Mtu aliyepewa mashine bure, kwa hiyo, bado hajapewa biashara.

Kuhusu wati, wanunuzi wanadanganyika. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha uchafu unaofyonzwa. Ulaya iliweka ukomo wa wati 1,600 kwa mashine za nyumbani Septemba 2014, ikaushusha hadi chini ya wati 900 Septemba 2017, na mazulia ya Ulaya bado yanasafishwa. Hapo kuna somo jingine kwa mnunuzi wa mtumba. Ukiona mashine ya nyumbani iliyotumika katika nchi za Umoja wa Ulaya, na kibandiko chake kinasema wati 2,000, ujue iliingia sokoni huko kabla ya Septemba 2014. Umri wake umekwisha kupita miaka kumi, hata kama plastiki inang'aa.

Kibandiko hichohicho kisomwe volti. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni 100. Ukiichomeka moja kwa moja mota huungua, na transfoma ya kuibeba kazi hiyo ni mzigo mzito wenye bei yake. Anayekuuzia kwa bei ya kutupa huenda analijua hilo.

Najua wapo watakaosema, basi tununue zile zisizo na mfuko, zenye kikombe cha plastiki cha kumwaga. Hoja yao ina uzito, na kwa matumizi ya nyumbani siipingi. Lakini vumbi ambalo halikukaa kwenye mfuko hukimbilia kwenye chujio. Chujio huoshwa, na likioshwa linatakiwa likauke kabisa, kwa kawaida siku nzima, kabla ya kurudishwa. Mwenye kazi kila siku lazima awe na machujio mawili au matatu ya kupokezana. Akilirudisha bichi, anapeleka unyevu kwenye mota. Gharama imehama mlango tu, haikuondoka.

Wapo pia watakaosema fundi wa mtaani hutengeneza kila kitu. Ni kweli mafundi wetu ni hodari, na kaboni ya mashine moja wameifanya ikae kwenye nyingine kwa tupa. Lakini fundi hawezi kukurudishia mteja uliyempoteza wiki mbili mashine ikiwa mezani kwake.

Kwa hiyo ushauri wa safu hii ni huu. Anayenunua kwa ajili ya biashara aache mashine za sebuleni, atafute za kazi: pipa kubwa, waya mrefu, mfuko mpana, umbo ambalo mtengenezaji habadilishi kila mwaka. Mfano mmoja ni Henry, inayotengenezwa na Numatic huko Chard, Uingereza. Imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na umbo lake halijabadilika sana. Siitangazi, wala si lazima ununue hiyo. Ninachosema ni kwamba mashine iliyozoeleka muda mrefu ina vipuri, na vipuri ndiyo uhai wa mtaji.

Siku ya kununua, nunua na mifuko ya miezi mitatu. Fungua mfuko kila jioni, badilisha kabla haujajaa kabisa. Usifyonze maji kwa mashine ya vumbi kavu, wala majivu ya moto, wala vumbi la saruji, maana hilo huziba chujio kwa dakika chache. Vuta waya mpaka alama ya njano, kwa kuwa waya uliojiviringisha ndani hupata joto. Andika saa za kazi kwenye daftari, kama dereva anavyoandika kilometa, na kila mia moja umwonyeshe fundi kaboni.

Kwa waagizaji, neno la mwisho ni lenu. Wengi mnashindana kuleta mashine, kila mmoja akishusha bei ya mwenzake, na faida inabaki nyembamba kama karatasi. Wachache wanaleta mifuko, machujio, kaboni na mipira. Katika orodha ya forodha mashine hizi ziko kwenye kifungu 8508, na vipuri vyake vina kijifungu chao, 8508.70. Muulizeni wakala wenu ushuru wa kila kimoja, kisha pigeni hesabu. Mfuko ni mwepesi, hauvunjiki, haushikiwi dhamana, na aliyenunua leo atarudi wiki ijayo. Mwenye mashine hununua mara moja katika miezi mingi, mwenye mfuko uliojaa hana subira.

Shemeji yangu sasa ana mashine moja tu, nzito, isiyo na sura. Kwenye rafu juu yake kuna mifuko kumi na miwili na daftari. Mteja akimpigia simu, kabla ya kutaja bei yake hutazama kwanza rafu.