Macho Mekundu si Utoro wa Kazi

Wako viongozi wa vikosi wanaodhani kwamba askari ajaye mbele ya mganga na macho mekundu amekesha kwenye pombe, au anakwepa lindo. Sisi hatukubaliani nao. Mwezi Machi 2024 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, na magereza yakawa miongoni mwa mahali palipoathirika. Watu wengi, vitanda vilivyokaribiana, beseni moja: bweni la askari lina tofauti gani?

Virusi vya ugonjwa huu haviambukizi kwa kutazamana, kama wengi wasemavyo. Hubebwa na vidole, taulo, mto, na hata kofia ya kuazimana. Kwa hiyo ndugu zetu wasimamiao foleni za mgao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wana wajibu wa kunawa kwa sabuni kabla na baada ya zamu. Aliyeugua apumzishwe, awe na kitambaa chake peke yake. Kwa kawaida jicho hupona lenyewe katika wiki moja au mbili. Vumbi na moshi wa kuni navyo huwasha macho, hasa ya watoto, lakini hivyo haviambukizi.

Tunalolipinga kwa nguvu zote ni ile desturi ya kutia jichoni maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo, au matone aliyobakiza jirani. Yako matone ya kutuliza uvimbe ambayo huondoa wekundu kwa siku mbili huku kidonda kikizidi kuchimba. Utafiti uliofanywa Mbarara kati ya 2016 na 2018 ulionyesha kwamba vidonda vingi vya kioo cha jicho vilisababishwa na kuvu, na kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kutumia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitalini. Wengine walipoteza jicho. Na mara nyingi chanzo chaweza kuwa kitu kidogo, kama jani la mahindi lililomchoma mtu shambani.

Basi jicho linalouma sana, lisilostahimili mwanga, lenye doa jeupe au lisiloona vema, halingoji kesho. Hali kadhalika mtoto mchanga mwenye matongo mazito katika mwezi wake wa kwanza, kwani kisonono alichopata kwa mama wakati wa kuzaliwa chaweza kumpofusha kwa siku chache. Mbarara kuna madaktari wa macho, katika hospitali kuu ya rufaa na kule Ruharo. Gari la kikosi litokalo Nakivale kwenda mjini kuchukua posho lina nafasi ya mama na mtoto wake.