Oilers hawakupoteza msimu

Aliyeandika kwamba Edmonton Oilers, timu ya hoki ya barafu, walipoteza bure msimu wa 2023/24, na kwamba bila nyota wao Connor McDavid hawana lolote, ameutazama usiku mmoja tu akaupa jina la mwaka mzima. Mimi ni shabiki wa timu hii, na sikubali.

Novemba 2023 walikuwa wameshinda mechi 3 kati ya 13, na kocha Jay Woodcroft akafutwa kazi. Akaja Kris Knoblauch. Kabla Januari haijaisha walikuwa wameshinda mechi 16 mfululizo, moja tu pungufu ya rekodi ya ligi nzima ya NHL.

Kisha fainali. Florida Panthers waliongoza mechi 3 kwa 0, wengi wakaanza kuaga, na Oilers wakasawazisha 3 kwa 3. Katika fainali ya Kombe la Stanley jambo hilo halikuwa limetokea tangu 1945!

McDavid alimaliza mechi za mtoano na pointi 42 na kupewa tuzo ya mchezaji bora, ingawa timu yake haikutwaa kombe. Lakini mwandishi amesahau mechi ya sita: McDavid hakupata hata pointi moja, na Oilers wakashinda 5 kwa 1. Ya saba McDavid hakupata pointi tena; Mattias Janmark wa Oilers alisawazisha, kisha Sam Reinhart akafunga la pili kwa Panthers. 2 kwa 1. Iliniuma, na bado inauma. Kulaumu ukame wa McDavid katika mechi hizo mbili ni haki. Kuwafuta wenzake wote si haki.