TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE: AKIBA YA TAWI ISIGEUKE DENI LA MJUMBE

Ndugu wanachama,

Tangu juzi kundi letu linawaka moto kuhusu pendekezo la Kamati ya Fedha juu ya nauli za wajumbe kwenda Mkutano Mkuu wa Tawi, Berlin. Sekretarieti imelisoma, imelipigia hesabu na inalipinga. Tunaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana ujumbe wa sauti wa dakika saba saba uliotumwa humu ulikuwa na hasira nyingi na hesabu kidogo.

Pendekezo linasema hivi. Kwa kuwa wajumbe karibu wote wana D-Ticket, tawi lisilipe tena nauli ya kutoka nyumbani. Mjumbe ajifikishe kwa RE, RB au S-Bahn mpaka kituo kikubwa, na tawi limnunulie tiketi ya bei nafuu ya ICE kuanzia hapo tu. Hadi hapo ungesema ni busara. Kisha kinakuja kipengele cha mwisho: *"Mjumbe atakayekosa treni yake atajigharamia mwenyewe."* Ugomvi wetu uko kwenye mstari huo.

Hatuna neno baya na D-Ticket yenyewe. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikawa 63, na bado kwa mtu anayetoka kazini kila siku ni nafuu kubwa. Lakini kila mmoja wetu anajua mipaka yake: ni ya treni za mkoa na usafiri wa mjini. Kwenye ICE haikufikishi popote, ukiacha vipande vichache vya IC vilivyoruhusiwa. Na ina jina la mtu juu yake. Analipa mwanachama, anakatwa mwanachama kwenye akaunti yake kila mwezi. Tawi halijawahi kuchangia hata senti. Kwa hiyo tukubaliane kwanza kwamba Kamati inapanga kuokoa fedha za tawi kwa kutumia mali ya mwanachama. Si dhambi, ila isemwe wazi.

Sasa mtego. Sheria ya haki za abiria haikuangalii wewe umetoka wapi asubuhi. Inaangalia mkataba. Ukinunua tiketi moja kutoka Bayreuth mpaka Berlin kupitia Nürnberg, huo ni mkataba mmoja. RE ikichelewa ukaikosa ICE pale Nürnberg, na ikaonekana utafika Berlin ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, ule mfungo wa treni moja unafunguka na unapanda ICE inayofuata bila kulipa. Ukichelewa kufika kwa saa moja unadai asilimia 25 ya nauli, kwa saa mbili asilimia 50.

Ukienda na D-Ticket mpaka Nürnberg, halafu tiketi ya ICE iwe inaanzia Nürnberg, una mikataba miwili isiyojuana. ICE imeondoka kwa wakati wake, kwa hiyo haina kosa. Wewe ndiye hukuwepo. Tiketi ya bei nafuu imekufa pale pale, na ile ya Super Sparpreis hata kurudishiwa fedha hakuna. Kwa upande wa D-Ticket, saa nzima ya kuchelewa fidia yake ni euro 1.50. Tena hailipwi mpaka madai yako yafike angalau euro 4, yaani uchelewe mara tatu ndipo uonekane mtu. Na ile nafuu ya abiria mwenye tiketi ya kawaida ya mkoa, kwamba treni yake ikichelewa anaweza kupanda ICE na kudai nauli baadaye, mwenye D-Ticket hana. Ameondolewa kwa sababu tiketi yake inahesabiwa kuwa ya punguzo kubwa. Sheria hiyo tunaiona ya uonevu, maana mamilioni wanasafiri kwa tiketi hiyo kila mwezi, lakini hatuwezi kuibadilisha kwenye kundi hili. Tunachoweza ni kuacha kuijenga upya ndani ya kanuni zetu wenyewe.

Tupige hesabu, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Tuseme tiketi ya Bayreuth–Berlin ni euro 39 na ya Nürnberg–Berlin ni euro 30. Tawi limeokoa euro 9. Mjumbe akikosa treni, tiketi ya kununua siku hiyo hiyo bila BahnCard inaweza kuvuka euro 100. Kukosa treni mara moja kumemeza akiba ya safari kumi na moja. Na angekuwa na ile tiketi ya euro 39 akafika amechelewa saa mbili, angepanda treni nyingine bure na kudai euro 19.50. Huo ndio "ubadhirifu" tunaoambiwa tuufute. Tena tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo euro 9 ya mfano wetu, na kuna siku haipo kabisa.

Mhasibu yeyote atakwambia kwamba faida na hatari yake vinakaa kwenye daftari moja. Kamati inataka zile euro 9 ziingie kwenye kitabu cha tawi, na zile 100 ziingie kwenye mfuko wa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Kwa kanuni gani ya uhasibu?

Tumejibiwa: "Mjumbe makini apande RE ya saa moja kabla." Ushauri huo ni mzuri na sisi wenyewe tunautoa. Lakini RE ya saa moja kabla nayo hufutwa, na mahali ambapo treni huja mara moja kwa saa, kufutwa moja kunatosha kula muda wote uliojiwekea. Na tumeona aliyetania kwamba tusihofu, RE ikichelewa ICE nayo itakuwa imechelewa, mtakutana. Ni kweli kwamba mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu. Tumecheka. Lakini huo ni utani, si sera ya fedha.

Mwingine ameandika kwamba anayechelewa ni mzembe. Ndugu, katika mkutano uliopita mjumbe mmoja alikuwa kituoni kwake kabla jua halijachomoza. Treni ya mkoa ikasimama njiani, ICE ikaondoka, akanunua tiketi nyingine kwa fedha zake. Akaingia ukumbini wakati kura ya bajeti imekwisha kupigwa, na wiki mbili baadaye vocha yake ikarudishwa imeandikwa "haistahili". Uzembe wake ni upi? Kukaa mji mdogo?

Na hilo ndilo linalotuuma kuliko euro. Mwanachama wa Frankfurt, Hamburg au München ICE iko mlangoni kwake. Pendekezo hili halimgusi hata kidogo. Linamgusa wa Bayreuth, mji wenye chuo kikuu kinachofundisha Kiswahili lakini usio na hata treni moja ya masafa marefu, na wenzake wote wa miji ya namna hiyo, ambao wengi ni wanafunzi na vijana wa Ausbildung. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Hawa wenzetu wanaisifu wakiwa chini ya bati. Mjumbe akishapoteza euro 100 mara moja, safari ijayo atasema ana udhuru, na tawi la Ujerumani nzima litaendeshwa na miji minne.

Sekretarieti kwa hiyo inaleta marekebisho. Tiketi ya kwenda inunuliwe moja, kuanzia kituo cha nyumbani kwa mjumbe mpaka Berlin, hata kama ana D-Ticket. Angalieni tiketi yenyewe: kituo cha kuanzia kiwe cha kwenu, si cha njiani. Mfungo wa treni unahusu ICE tu. Sehemu ya RE unaweza kupanda hata ya mapema zaidi. Wakati wa kurudi hatari ni ndogo, kwani ICE ikichelewa D-Ticket inapanda RE yoyote inayofuata, isipokuwa ile ya mwisho ya usiku. Hapo tunakubaliana na Kamati: tawi lilipe ICE mpaka kituo kikubwa, na mwenye D-Ticket amalizie nayo. Asiye nayo alipiwe mpaka nyumbani. Usafiri wa ndani ya Berlin, wenye D-Ticket tunaomba muitumie. Na popote ambapo tawi litachagua tiketi mbili ili kuokoa fedha, kukosa treni kwa kuchelewa kwa RE kulipwe na tawi, kwa stakabadhi.

Fidia ya tiketi iliyonunuliwa na tawi irudi kwa Mhazini. Madai yana muda wa miezi 3, basi msikae na karatasi.

Kura itapigwa humu kundini Jumapili saa 2 usiku kwa saa za hapa. Andika *KAMATI* au *MAREKEBISHO*, pamoja na namba yako ya uanachama. Ujumbe wa sauti hautahesabiwa.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
kwa niaba ya Sekretarieti