Kitunguu Hakipiti Motoni

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tukitoka kazi ya usiku tunanunua amburga kando ya barabara: mukate, nyama ya kusaga, na kila mutu anaagiza vyake. Huyu vitunguu vingi, yule tomati, mwingine yai na mayoneze. Si vibaya. Mimi pia bila vitunguu silali!

Lakini angalieni kisu. Kilichokata nyama mbichi ndicho kinakata kitunguu, na maji ya beseni ni yale yale ya jana. Nyama inapita motoni, kitunguu hapana. Vijidudu vya kuhara, hata vya kipindupindu, vinapata njia hapo. Mayoneze iliyolala bila firigo, ninaikataa kabisa.

Nyama ya kusaga nayo iive mpaka katikati, kwa maana mashine inaingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu tu. Wamama, nyumbani kateni vitunguu kwanza, nyama nyuma.

Wengine wanasema kumuuliza muuzaji ni kumuzarau. Sikubali. Mwambieni kwa upole: «Mama, osha kisu, unikatie kitunguu kipya.» Mutu anayehara anapoteza maji na chumvi, na kizunguzungu kinamukuta juu ya lori la machimbo, wenzake wakiwa chini.