Besiboli: Kocha anamficha mrushaji wake mkali kwa ajili ya nani?

Wapenzi wa kabumbu wa inchi yetu hawajasahau usiku wa tarehe 16 Novemba 2025 kule Rabat, Moroko. RDC na Nigeria wako 1-1, muda wa nyongeza unakaribia kuisha, na kocha Sébastien Desabre anamtoa golikipa Lionel Mpasi, anamwingiza Timothy Fayulu kwa kazi moja tu: penalti. Tunajua kilichofuata. Fayulu alizuia, nahodha Chancel Mbemba akafunga ile ya mwisho, Nigeria ikarudi nyumbani. Lakini tuseme ukweli: kama Fayulu angepitwa na mipira yote, Desabre angetukanwa kuanzia Matadi mpaka Bunia, na sisi waandishi wa habari tungekuwa mstari wa mbele.

Katika kabumbu, kocha anakutana na uamuzi wa namna hii mara chache sana. Kuna mchezo ambamo makocha wanakutana nao karibu kila siku, mechi 162 kwa msimu: besiboli, mchezo wa Wamarekani. Kwa maoni yangu, kwa miaka mingi wengi wao wameufanya vibaya, kwa sababu ya namba iliyobuniwa na mwandishi wa habari mmoja.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mechi ina duru 9. Katika kila duru wageni wanapiga kwanza, wenyeji wanapiga baadaye, na kila upande unaendelea mpaka wapigaji wake watatu watolewe. Tukumbuke hilo la wenyeji kupiga mwisho, tutalirudia. Mrushaji anayeanza mechi mkono wake unachoka, kwa hiyo kocha ana warushaji wengine wanaongoja pembeni. Anayetolewa harudi tena. Kati ya hao wanaongoja yuko mmoja, mara nyingi mwenye mpira mkali kuliko wote, ambaye tumwite mfunga mechi. Anawekwa akiba mpaka duru ya 9, timu yake ikiwa mbele kidogo, ndipo aje afunge mlango.

Akiufunga vizuri anaandikiwa alama inayoitwa sevu. Aliyeibuni ni Jerome Holtzman, mwandishi wa habari za michezo wa Chicago, na ligi kuu ya Marekani iliikubali rasmi mwaka 1969. Nia yake ilikuwa njema: warushaji wa akiba walikuwa wanaokoa mechi na vitabu havikuwataja. Kanuni ina vipengele vingi, lakini ya kila siku ni hii: mrushaji amalize mechi ambayo aliingia timu yake ikiwa mbele kwa pointi zisizozidi 3, na arushe angalau duru moja nzima.

Sasa tazameni matatizo. Timu inayoingia duru ya 9 ikiwa mbele kwa pointi 3 inashinda zaidi ya mara 9 kati ya 10, hata akirusha mtu wa kawaida. Kumleta mkali wako hapo ni kama kumwamsha daktari mkuu usiku wa manane aje afunge bandeji. Wakati huo, katika duru ya 7, timu inaongoza kwa pointi moja tu, wapinzani wamejaza vituo vyote vitatu, mpigaji wao hatari kuliko wote anakuja. Mechi inaamuliwa pale. Na mkali yuko wapi? Ameketi pembeni, anaongoja duru yake.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Katika miaka ya 1970, watu kama Goose Gossage na Rollie Fingers waliitwa moto ukishawaka, hata duru ya 7, na walirusha duru mbili au tatu. Aliyebadilisha mambo ni kocha Tony La Russa wa Oakland, aliyempa Dennis Eckersley duru ya mwisho peke yake. Mwaka 1988 Eckersley alipata sevu 45. Mwaka 1992 alipata 51 na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. La Russa alikuwa na sababu: Eckersley alikuwa amevuka miaka 30, mkono wake ulihitaji kulindwa. Lakini makocha wengine waliiga desturi bila kuiga sababu yake.

Mfano unaoniuma ni wa tarehe 4 Oktoba 2016, mjini Toronto, Kanada. Baltimore Orioles ni wageni wa Blue Jays, mechi moja tu, anayeshindwa anakwenda nyumbani. Baltimore wana Zach Britton. Msimu ule alipewa nafasi 47 za kufunga mechi, akazifunga zote 47. Mechi inafika duru ya 9 ikiwa 2-2, inafika ya 10, inafika ya 11. Kocha Buck Showalter anawaingiza warushaji wa akiba sita, mmoja baada ya mwingine. Britton si mmoja wao. Wa sita, Ubaldo Jiménez, anakutana na wapigaji watatu tu. Wawili wa kwanza wanafika kwenye vituo, na wa tatu, Edwin Encarnación, anaupiga mpira unavuka ukuta. 5-2. Msimu wa Baltimore umekwisha, na mrushaji wao bora hakurusha hata mpira mmoja.

Showalter hakuwa mjinga. Ni kocha mwenye kuheshimiwa. Hesabu yake ilikuwa ya mgeni: wenyeji wanapiga mwisho, kwa hiyo hata nikipata pointi ya kuongoza, lazima baadaye mtu arushe ili kuilinda. Nikimtumia Britton sasa tukiwa sawa, nani atailinda? Inasikika kama busara. Lakini kwa mgeni, mechi ikiwa sawa kuanzia duru ya 9, pointi moja ya wenyeji inamaliza kila kitu palepale. Unaweka akiba kwa ajili ya kesho ambayo inaweza isifike. Na kosa hili halikuwa geni. Mwaka 2003, katika fainali kule Florida, kocha Joe Torre wa New York Yankees alimwacha Mariano Rivera ameketi, Jeff Weaver akapigwa katika duru ya 12. Rivera yule yule ambaye baadaye alimaliza kazi yake na sevu 652, nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote katika historia.

Kwa nini basi wanaendelea? Mimi naona sababu mbili. Ya kwanza ni hofu. Kocha akifuata desturi na akapoteza, mrushaji ndiye analaumiwa. Akivunja desturi na akapoteza, yeye mwenyewe analaumiwa, na anayemlaumu ni mtu wa kazi yangu, mwenye maikrofoni, ambaye hakuhitaji kuchagua chochote usiku ule.

Ya pili ni pesa. Mwaka 2017 Dellin Betances, mrushaji wa akiba wa Yankees, aliomba mshahara wa dola milioni 5 kwa msimu. Timu ilitaka kumpa milioni 3, na shauri likaenda mbele ya waamuzi. Betances alikuwa kati ya warushaji wakali wa ligi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuzima moto kabla ya duru ya 9. Alishindwa, na rais wa timu, Randy Levine, akasema hadharani kwamba huyo si mfunga mechi. Kijana anayeangalia kesi kama hiyo atakubali kweli kuitwa duru ya 6, pale anapohitajiwa zaidi, bila sevu? Kocha anajua kwamba akimhamisha mtu kutoka duru ya 9 anagusa mkate wa watoto wake.

Wanaotetea desturi wana jambo moja la kweli: mkono wa mtu si mashine. Mrushaji anahitaji kupasha mwili joto, na kupasha tu kunachosha hata kama hakuingia. Akijua duru yake, anajitayarisha vizuri. Katika mashindano ya mwisho ya mwaka 2016, kocha Terry Francona wa Cleveland alifanya kinyume cha Showalter: alimwita Andrew Miller hata katika duru ya 5, kila alipoona hatari, na Cleveland wakafika mechi ya 7 ya fainali. Hapo Miller alikuwa amechoka, akapigwa. Upande wa pili, Aroldis Chapman wa Chicago Cubs naye alikuwa ametumiwa kupita kiasi siku zilizotangulia, hata timu ikiwa mbele kwa pointi 5. Usiku ule aliwaachia Cleveland wakasawazisha, ingawa Chicago walishinda mwishoni, 8-7. Kwa hiyo sisemi mkali aitwe kila siku. Nasema aitwe pale penye hatari, na aachwe apumzike pale ambapo hakuna. Kuongoza kwa pointi 3 si hatari.

Tarehe 1 Novemba 2025, wiki mbili kabla ya Rabat, mechi ya 7 ya fainali ilichezwa mjini Toronto, katika uwanja uleule ambamo Britton aliketi. Los Angeles Dodgers walikuwa wageni. Duru ya 9, timu ziko 4-4, Toronto wana watu wawili kwenye vituo na mmoja tu ametolewa. Hesabu ya Showalter ingesema: ngoja kwanza tuongoze. Kocha Dave Roberts alimwita Yoshinobu Yamamoto, Mjapani, mrushaji wake bora, ambaye hakuwa hata mfunga mechi. Jana yake alikuwa ameanzisha mechi ya 6 na kurusha mipira 96. Yamamoto alimgonga mpigaji wa kwanza kwa mpira, vituo vikajaa, na nadhani wakati ule Roberts alikuwa anatafuta maneno ya kuwaambia waandishi wa habari. Lakini wawili waliofuata walitolewa. Yamamoto akaendelea duru ya 10. Katika ya 11 Will Smith aliupiga mpira ukavuka ukuta, Yamamoto akarudi kumaliza, 5-4, Dodgers ni mabingwa.

Alichaguliwa mchezaji bora wa fainali, na ushindi wa usiku ule uliandikwa kwa jina lake. Kwenye safu ya sevu ya mechi hiyo hakuna jina la mtu yeyote.