AFYA YA JAMAA: Macho Yanayowaka na Kope Zenye Maganda



Mama mmoja alishuka kutoka milima ya juu ya Lemera akaja kwetu na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa tube tatu na chupa mbili ndogo za dawa ya macho. Akasema: "Munganga, minasikia sawa vile muchanga iko ndani ya macho. Asubui kope zinashikamana, nazifungua na mate." Miaka miwili alikuwa akitafuta dawa. Kila aliyemwangalia alimwambia ni Apolo.

Jina hilo Apolo lina historia yake. Mwaka 1969, wakati Wamarekani walipofika mwezini na Apollo 11, ugonjwa wa macho mekundu ulienea kule Ghana, watu wakaupa jina la ile safari, na jina likatembea Afrika mpaka kwetu. Lakini Apolo ya kweli inakuja mbio, inashika nyumba nzima, na mara nyingi katika juma moja ama mawili inakwisha. Mama huyu alikuwa na miaka miwili, na kwake nyumbani, katika watu nane, hakuna mwingine aliyeshikwa. Hapo peke yake mtu angepaswa kujiuliza.

Tulipomwangalia vizuri tuliona mizizi ya kope imejaa maganda kama unga wa muhogo, na ukingo wa kope umevimba. Alikuwa ameota vijipu vya kope mara tatu ndani ya mwaka. Kwenye mashavu na puani kulikuwa vipele kama vya kijana, na yeye ana watoto sita. Tukamwuliza: uso unawaka? Akajibu kwamba akisimama karibu na moto wa ugali ni kama mtu amempaka pilipili.

Ugonjwa huu unaitwa rozasea. Ni ugonjwa wa ngozi ya uso, na zaidi ya nusu ya wanaoupata macho yao pia yanaguswa. Kwa wengine, kama mmoja juu ya watano, macho yanatangulia, ngozi inafuata nyuma. Hauambukizi. Hautoki kwa uchawi wala kwa uchafu, na yule anayewacheka wenye macho mekundu kwamba wamelewa anawaonea, kwa maana mtu asiyegusa pombe kamwe anaweza kuupata.

Sasa, kwa nini hatuusikii kwetu? Kwa sababu vitabu vinaonyesha nyuso za Wazungu, mashavu mekundu kama nyanya. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu haionekani vile. Inaonekana kama ngozi imekuwa nyeusi zaidi, ama rangi ya kahawia, ama zambarau kidogo, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayesikia joto. Ndiyo maana wengi wanapita mbele ya macho ya muganga bila kujulikana. Mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka mingi mbele ya kuuita jina lake.

Wacha nieleze kinachotendeka kopeni, kwa maana ukikielewa, dawa utaielewa. Ndani ya kila kope, nyuma ya mstari wa nywele, kuko tezi ndogo ndogo zimepangwa kama meno ya kichanuo, mara nyingi zaidi ya 20 kwa kope moja. Kazi yao ni kutoa mafuta mepesi yanayofunika machozi ili jicho lisikauke. Katika rozasea yale mafuta yanakuwa mazito na tezi zinaziba. Mnajua mafuta ya mawese yanayotoka huku chini, bonde la Ruzizi: Luvungi yanamwagika kama maji, ukiyapandisha Lemera kwenye baridi ya asubuhi yanasimama ndani ya chupa, lazima uyaweke karibu na moto. Ni hivyo hivyo. Mafuta yakisimama, jicho linakauka, linachoma, linatoa machozi mengi yasiyofaa kitu, na maganda yanajaa.

Basi dawa ya kwanza haiuzwi. Ni maji ya moto na kitambaa safi. Chemsha maji, acha yapoe mpaka mkono unavumilia bila kuungua. Chovya kitambaa, kamua, funga macho, weka juu ya kope dakika 5 mpaka 10. Kikipoa, chovya tena. Kitambaa cha baridi hakiyeyushi kitu. Kisha kwa kidole safi sukuma kope polepole kuelekea nywele: ya juu unashuka, ya chini unapanda, kama vile mtu anavyokamua, lakini bila nguvu. Nyuma yake futa maganda kwenye mzizi wa nywele na pamba ama ncha ya kitambaa iliyochovywa katika maji yaliyochemshwa. Sabuni isiingie ndani ya jicho. Asubuhi na jioni. Kila mtu na kitambaa chake, kianikwe juani.

Najua mtasema: kuni ni haba, makala ni ghali. Mama yule pia alisema hivyo. Tukamwambia achukue yale maji anayochemsha kwa chai, kikombe kimoja kinatosha.

Turudi kwenye mfuko wake wa plastiki. Tube mbili zilikuwa za kung'arisha uso. Juu ya moja iliandikwa betamethasone. Chupa moja ya macho iliandikwa dexamethasone. Hizi zote ni jamaa moja, kortizoni. Mama hakuficha: "Bwana yangu iko ku mashimo, anarudia nyumba mara mbili ku mwaka. Nilitaka anikute muzuri." Nani atamhukumu? Lakini sikilizeni vizuri. Kortizoni kwenye uso inatuliza kuwaka kwa siku chache, na mtu anafikiri amepona. Akiiacha, moto unarudi na vipele vinaongezeka, basi anapaka tena. Ukiendelea miezi, kortizoni yenyewe inaleta rozasea kwa mtu ambaye hakuwa nayo, ama inaizidisha kwa yule aliyekuwa nayo.

Ndani ya jicho ni mbaya kupita. Dawa ya macho yenye kortizoni ikitumiwa muda mrefu bila mtu wa kukuangalia, inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, ile inayoitwa glokoma, ambayo inaua jicho bila maumivu. Na inaweza kuleta katarakta hata kwa kijana. Muganga wa macho anaweza kukupa, kwa siku alizohesabu, na anakupima. Mwuzaji wa sokoni hakupimi. Basi somate boite mbele ya kutoa pesa, ama umpe mtoto aliyesoma: jina likiishia na -sone ama -solone, uliza kwanza. Kuna nyingine zisizoishia hivyo, kama clobetasol, nayo ni kali kuliko nyingi. Mkojo, chumvi, majani yaliyopondwa na maziwa ya mama navyo visiingie jichoni. Tumeona vioo vya macho vimeoza kwa majani.

Sisemi watu wa Lemera ni wajinga kununua sokoni. Hospitali yetu ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani na wauguzi pia. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ndiye aliyekuwa akiiongoza wakati ule. Vita vikaendelea kupita. Mtu aliyezoea kukimbia anazoea pia kutibiwa na yule aliye karibu. Hospitali ilisimama tena, lakini mazoea hayo yalibaki.

Maji ya moto yasipotosha, muganga anaweza kuongeza vidonge vya doxycycline, mara nyingi kwa majuma sita ama miezi michache. Hapa hatuvitumii hasa juu ya kuua vijidudu, bali kwa sababu vinatuliza uvimbe na kusaidia mafuta ya kope. Mama mwenye mimba asimeze, wala mtoto chini ya miaka 8. Kwao muganga atachagua kingine. Vimeze na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa ama umesimama, usilale hapo hapo, vinaunguza koo. Usivichanganye na maziwa wala vidonge vya damu. Na jua litakuchoma zaidi kuliko desturi, kwa hiyo kofia.

Jua lenyewe linaamsha rozasea, pamoja na joto la moto, chai inayochemka, pilipili, kasiksi na kanyanga. Si wote wanaamshwa na kitu kile kile. Mmoja anakula pilipili bila shida na jua linamwangusha. Jichunguze majuma mawili, utajua adui yako. Wamama wanaopika ndani ya nyumba iliyofungwa, toeni moto nje ama fungueni ukuta upande mmoja.

Ninyi wa shimoni, vumbi si chanzo cha rozasea, lakini linamaliza jicho lililokwisha kukauka. Ukitoka, usifute macho na mkono wenye udongo, wala usinawe uso na maji ya kuoshea dhahabu, yana matope na pengine merkiri. Beba chupa ya maji safi toka nyumbani.

Kuko dalili ambazo hazingoji kitambaa: jicho linauma kweli, mwanga unakuchoma, unaona ukungu, ama doa jeupe limetokea juu ya weusi wa jicho. Hicho ni kidonda cha kioo cha jicho. Siku hiyo hiyo uende hospitali, nao wakiona lazima watakutuma Uvira ama Bukavu. Beba tube zako zote, hata zile unazoona haya kuonyesha.

Mama yetu aliacha mafuta ya uso. Majuma matatu ya kwanza uso uliwaka vibaya kuliko mbele, akatukasirikia, akataka kurudia tube yake. Tulikuwa tumemwonya, ndiyo iliyomshika. Nyuma ya miezi mitatu alifungua macho asubuhi bila mate. Lakini jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kupata kidonda mbele ya kuja kwetu, na kovu lilibaki. Kwa jicho lile haoni tena tundu la sindano, binti yake ndiye anamtungia uzi.

Msomaji mmoja wa Kamituga aliuliza kwa barua: nikianza kuosha kope leo, nitaacha lini? Ndugu, macho yakitulia punguza, fanya mara moja kwa siku. Usiache. Na yule mtoto wako wa miaka 7 anayesugua macho kila mara, uliyetaka kumpa vidonge vyako, usimpe, mlete aangaliwe.